Miaka Sita ya Kufagia Pori

Wadogo zangu wa atelié yetu ya picha,

Mlicheka niliposema ninastaafu. Mlisema mtu wa miaka thelathini na moja hastaafu, anaacha kazi tu, na kwamba Vieux Banza, mzee wetu ambaye amebeba kamera zaidi ya miaka arobaini, bado hajastaafu, isipokuwa magoti yake. Nimetafuta neno lingine kwa wiki tatu na sijalipata. Anayeacha kazi huwa anakwenda kufanya nyingine. Mimi siendi popote, nimemaliza tu. Mkaleta soda na beignets, yale maandazi yetu, mkaniomba niandike mambo ya kazi katika daftari kubwa la atelié, ili atakayekuja baada yangu ajue pa kuanzia. Nimeandika mara nne na kuchana mara nne. Hii ya tano nitaiacha hata ikiwa mbaya.

Sitaandika nililipwa nini wala niliitwa nani mwaka wa pili au wa nne. Mambo hayo yote yanaenea katika mstari mmoja, na mstari wenyewe unachosha.

Siku ya kwanza nilifika Makomeno saa moja kabla ya wakati, nikazunguka mtaa mara tatu ili nisionekane nimewahi. Diploma yangu ya sanaa ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa kuogopa mvua. Ilikuwa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, na nyote mnajua mvua ya mwezi wa saba kwetu inavyonyesha. Atelié ilikuwa vilevile mnavyoiona sasa: gereji ya nyumba ya zamani, ukuta mmoja umepakwa rangi nyeupe kwa ajili ya picha za pasipoti, na nyuma ya pazia meza ya kompyuta na mashine ya kuchapa. Vieux Banza alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, anafuta lenzi kwa shati lake. Chuoni tulifundishwa kwamba hilo ni kosa kubwa. Lenzi ile bado inafanya kazi, mimi ndiye niliyekwisha.

Kwa atakayekuja ambaye hatamkuta: Vieux Banza ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, familia yao ilitoka kaskazini ya Katanga, na yeye mwenyewe alikuwa mpiga picha wa reli miaka mingi kabla ya kufungua atelié. Harusi na pasipoti zililisha nyumba. Pori ndilo alilolipenda. Alitaka Lubumbashi iwe na mtu mmoja angalau anayepiga picha za ardhi yake kwa heshima, kubwa, za kutundikwa ukutani, kama wengine wanavyopiga picha za maaskofu.

Diploma hakuiangalia. Aliniuliza kama ninajua kufagia. Nilidhani anazungumzia sakafu, nikaanza kumweleza kwa upole kwamba sina shida na usafi lakini ingekuwa vizuri tukagawana majukumu mapema. Aliniacha nimalize. Kisha akanipa reki ya bustani, ile yenye meno kumi na manne, akasema kesho saa kumi na moja asubuhi tunakwenda porini.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Kabla ya kusimamisha kamera, tulifagia mahali. Tuliokota mifuko ya plastiki, chupa, vifungashio vya biskuti, vitambaa vilivyonaswa kwenye miiba. Tulisawazisha kwa reki alama za magurudumu. Kama kulikuwa na kisiki kilichokatwa kwa shoka, tulikifunika kwa majani, kwa sababu rangi nyeupe ya mti uliokatwa karibuni inavuta jicho kuliko kitu chochote. Baiskeli za makala, yaani mkaa, zilipopita tulingoja zipite, tukangoja tena vumbi litulie. Wale wenye makala walitusalimu na kutuuliza kama tumetumwa na wilaya kusafisha njia.

Na kulikuwa na sheria ya pili, ambayo ninyi mnaijua kwa kichwa: *Fasi moja, picha moja.* Zamani za filamu Vieux alikuwa akichagua negativu moja na kuzikata nyingine kwa mkasi wa kushonea. Kamera za kadi zilipokuja, aliendelea kwa njia yake. Kila Ijumaa mchana tulikaa mezani, tukachagua picha moja kwa kila mahali, na zilizobaki tukazifuta kwenye kadi na kwenye diski, mbele yake. Alisema picha nyingi zinamlewesha mtu. Nilimpenda kwa sheria hiyo. Mimi ni mtu ambaye nikipewa nguo mbili nachelewa kazini. Kupewa ruhusa ya kuharibu kila kitu isipokuwa kimoja kulinipa usingizi.

Kuhusu vyombo nitasema machache. Trepié, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, chukueni ya mbao, si ya aluminiamu. Ya mbao haitetemeki upepo wa mwezi wa nane. Funikeni kamera kwa kitambaa chenye maji wakati wa vumbi jekundu, si kikavu. Reki ifungeni meno kwa kitenge mnapopanda pikipiki. Nina alama begani. Na kichuguu kirefu ni ngazi bora kuliko ngazi. Vichuguu vyetu vinapita nyumba, vina miti juu yake, na aliyesimama kileleni anaona pori kama ndege anavyoliona. Lakini msipange kurudi. Mara mbili tulirudi kwenye kichuguu baada ya mwezi tukakuta nusu imechimbwa kwa ajili ya matofali, na mara moja tukakuta kilima chote kimekuwa nyumba tatu zisizo na paa.

Hapo ndipo kulikuwa na ugumu wa kazi, ingawa mwanzoni sikuuona. Mwaka wa kwanza tulitumia lenzi pana, ile inayoshika upeo wote. Mwaka wa pili tulikuwa tunaikata picha kushoto kidogo. Mwaka wa nne tulikuwa na lenzi ndefu, inayochagua kipande chembamba kati ya shamba na shimo la machimbo, na wageni wa maonyesho walisema kazi yetu inazidi kuwa ya ndani, ya kutafakari. Ukweli ni kwamba pori lilikuwa limekwisha pembeni. Nilimwambia Vieux. Alijibu kwa lile jina alilonipa tangu wiki ya kwanza kwa kuitania diploma yangu.

"Licenciée, weye waza tu. Jua yenyewe iko inaenda."

Nikapiga picha.

Sasa nafika mahali ambapo mara zile nne nilichana kurasa.

Mwaka wa tano tuliambiwa kuna mushitu umebaki mzima, yaani ule msitu mnene unaokaa juu ya chanzo cha kijito, saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka Naviundu, ukingoni mwa mji. Magoti ya Vieux yalikwisha kukataa pikipiki, nikaenda peke yangu. Nilikuta kichuguu kikubwa, nikapanda, na mbele yangu kulikuwa na kitu ambacho nilikuwa nimekisikia tu kwenye masomo: miti ya chanzo imekaa kwenye ukungu, nyasi ndefu zinaelea pembeni, na mwanga unaingia kwa ubavu kama unaomba ruhusa. Chini yangu, kati ya kichuguu na mushitu, kulikuwa na nyumba ndogo ya matofali mabichi, bache ya bluu, yaani turubai, juu ya jiko, mihogo imeanikwa juu ya jiwe, na mashamba mawili ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa.

Mwanamke alitoka akaja mpaka chini ya kichuguu. Alikuwa na umri wa mama yangu. Jina lake nililijua baadaye, Mama Solange. Aliniuliza kama ninatafuta diamant, almasi, huko juu. Nilisema, "Ninapiga picha ya pori, mama."

"Hapa haiko pori, binti. Hapa ni kwetu."

Alisema bila ukali, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba amekosea mlango. Nilimwomba radhi. Na neno hilo nililiandika hata kwenye kijitabu changu, kwa sababu nililiona zuri. Mnaona ugonjwa wangu. Nilisikia kitu, nikakiandika, nikakipenda, na sikukifanyia chochote.

Nilirudi kule mara saba. Alikuwa amekaa pale tangu Solange, mtoto wake wa kwanza, yuko tumboni, na Solange sasa alikuwa na mtoto. Baba yake Solange alilima, akafariki, akazikwa kwao kaskazini. Alinionyesha mahali bowa, uyoga wetu, unapoota mvua za kwanza, na mti ambao binkubala, viwavi wetu wa kuliwa, hushuka. Alikuwa ananiuliza kwa nini sijaolewa na kwa nini ninakula kidogo, na maswali yote mawili aliyajibu mwenyewe. Nilipiga picha nyingi sana: nyumba, jiko, yeye akipepeta, Solange akimsuka mdogo wake, mashamba upande huu na upande ule. Nilizipiga kwa ajili ya kupima mwanga. Wapiga picha wote husema hivyo.

Mara ya saba ukungu ulikuwa sawa. Nilishuka kwenye kichuguu nikamwomba, kwa maneno mengi na kwa kujiumauma, kama anaweza kuzima moto kwa sababu ya moshi, na kushusha bache, na kuondoa mihogo, na wao wenyewe wakae kidogo upande wa nyuma. Nyumba ningeificha kwa majani niliyokata. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka ikuwe sawa vile tulikufa?"

Nikasema si hivyo, mama, ni kwa nusu saa tu.

"Haina neno. Solange, kamata mutoto. Leo tumekufa."

Walikwenda nyuma ya kichuguu wakalala kwenye nyasi, na katika muda wote nilipokuwa nikihesabu sekunde za kufungua lenzi niliwasikia wakichekeana kule chini, mmoja akimwambia mwingine marehemu haongei. Mama Solange mwenyewe ndiye aliyekuwa amepitisha reki juu ya njia iliyokwenda mlangoni kwake. Alifagia vizuri kuliko mimi.

Ijumaa, mezani, tulichagua hiyo moja. Vieux aliiangalia muda mrefu na akasema tangu aache reli hajaona picha kama ile. Nilizifuta zote zilizobaki. Nakumbuka kulikuwa na moja ya Solange anacheka na sindano ya kusukia mdomoni, na kidole changu kikasita, na nikajisifu kwamba kidole hakikusita sana.

Tuliichapa kubwa, bila rangi, kwa maonyesho ya katikati ya mji yaliyohusu mtu na maumbile katika sanaa ya leo. Mwenye nyumba ya maonyesho aliniomba niandike maneno ya kuwekwa pembeni, kile wanachokiita démarche, msanii aeleze anachofikiri. Hakuna kazi niliyowahi kuipenda kama hiyo. Niliandika siku kumi na moja. Niliandika kwamba tumeizoea ardhi kama mtumishi, kwamba picha yangu inataka kuirudishia ukimya wake. Na nikamaliza hivi: "Mahali hapa hapajaguswa na mkono wa mtu. Hapa dunia ingali peke yake." Watu walisimama mbele yake wakanong'ona. Mmoja alilia. Niliona fahari, kisha nikaogopa fahari ile, kisha nikaona fahari kwa kuwa nimeiogopa.

Wiki iliyofuata kampuni moja ya machimbo ya shaba ilinunua chapa moja kwa ajili ya ukumbi wake, ikaomba pia ruhusa ya kuiweka picha katika ripoti yake ya mazingira, pamoja na maneno yangu. Karatasi ililetwa, nikatia saini. Niliisoma mara tatu kabla ya kutia saini, kama ninavyosoma kila kitu, na nikakuta kosa moja la tahajia katika jina langu, nikalisahihisha.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa kiangazi, Mama Solange alikuja Makomeno. Mlikuwapo siku hiyo, mkampokea mlangoni mkadhani amekuja kwa picha ya pasipoti. Alikuwa amefunga bowa kavu ndani ya kitambaa, zawadi yangu. Alikaa, akamsalimu Vieux, akauliza habari za nyumbani kwangu mtu mmoja mmoja, na baada ya hayo ndipo alipoeleza.

Kampuni ile ilikuwa imepata eneo lote mpaka chanzo cha kijito. Watu wa kampuni walipita kuandika wakaaji, ili kila familia ipewe kiwanja na shamba mahali pengine. Familia zilizo karibu na barabara ziliandikwa. Siku walipopita upande wake, yeye na binti zake walikuwa kwenye matanga ya wifi yake, siku tisa. Wale watu walikuta nyumba imefungwa na mashamba yamekwisha kuvunwa, wakaandika kwamba ni kibanda cha msimu. Alipokwenda kulalamika akaambiwa alete ushahidi kwamba alikuwa akiishi pale kabla ya orodha. Karatasi hakuwa nayo, nani ana karatasi kule. Majirani wake wa barabarani waliogopa kusema, wasije nao wakapunguziwa. Alikuwa na siku nane.

"Nikasema, iko muntu moja anatujua. Anatupiga mapicha, nyumba, mashamba, yote. Na mapicha inaandikaka siku."

Alisema hivyo kwa Vieux, si kwangu, kwa furaha kidogo, kama mtu anayemsifu mtoto mbele ya mzazi wake. Hata tarehe alikuwa ameifikiria. Ni kweli, kamera huandika siku na saa ndani ya picha. Alikuwa amekuja kuchukua kitu kilichokuwa kinamtosha kabisa, na nilikuwa nimekifuta Ijumaa moja kwa kidole kimoja, na sikuwa na sababu nyingine ila kwamba ndivyo tulivyofanya.

Nilifungua diski. Nilijua hakuna kitu, nikaifungua polepole, folda kwa folda, ili nichelewe kumgeukia. Kisha tukajaribu ile programu ya kurudisha picha zilizofutwa kwenye kadi. Mnakumbuka, ilifanya kazi siku mbili. Ilirudisha harusi tano, ubatizo mmoja, na mwisho kabisa kipande cha picha ya kule, sehemu ya juu tu: mbingu, ncha za miti, na chini yake kijivu kitupu. Nyumba ilikuwa ndani ya kijivu kile.

Nilimlaumu Vieux. Naandika hili kwa sababu mlisikia kupitia pazia na sitaki mfikiri nilikuwa sahihi. Nilimwambia sheria yake imemuua mtu akiwa hai. Hakunikemea. Alivua miwani akaniambia jambo ambalo katika miaka sita hakuwahi kuniambia. Kwamba sheria ya kuondoa watu hakuitunga yeye. Alipokuwa kijana, akiwa reli, mkubwa wake alimtaka apige njia ya reli wakati wafanyakazi wamekwenda kula, na madaraja bila waliokuwa wakiyajenga, na negativu zenye watu zilichukuliwa au zilikatwa. Baba yake mwenyewe alikuwa katika kundi moja la njia, na hana picha yake hata moja kazini.

"Chef alisema, muntu hapana. Nikafanya miaka, miaka. Kisha nikaona iko muzuri, nikasema ni yangu."

Sijui kama alikuwa akiomba radhi, wala kwa nani. Nimelifikiria sana na kila ninapofikiri napata jibu tofauti, nami nimechoka na akili yangu.

Siku ya sita nilikwenda ofisi za kampuni pamoja na Mama Solange. Nilikuwa nimeandika ushuhuda wa kurasa nne, nimeuchapa, nimetia saini kila ukurasa. Aliyetupokea ni ofisa wa mambo ya jamii, kijana wa rika letu, mwenye adabu. Alimpa Mama kiti kabla ya kunipa mimi. Alisoma kurasa zote nne. Kisha akafungua ripoti ya mazingira, kitabu kinene, akaigeuza mbele yangu. Picha yangu ilikuwa pale, ukurasa mzima, chini ya kichwa kilichosema hali ya eneo kabla ya kazi. Akasoma kwa sauti: "Mahali hapa hapajaguswa na mkono wa mtu. Hapa dunia ingali peke yake."

"Mademoiselle, hii phrase ni yako?"

Nikasema ni yangu.

"Na saini apa?"

Ni yangu.

"Basi ulidanganya saa gani? Ile siku, ao leo?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua aandike nini. Nilianza kumweleza kuhusu sanaa, kwamba katika sanaa neno "mtu" linaweza kuwa na maana ya ustaarabu, ya viwanda, kwamba kufagia ni njia ya kazi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe katika chumba kile, na Mama Solange pembeni yangu akiitikia kwa kichwa kuniunga mkono kwa kila neno, maskini, akidhani ninamtetea. Mwishowe nikasema nilidanganya ile siku. Akaandika. Akasema kwa masikitiko kwamba ripoti imekwisha kukubaliwa, na kwamba shahidi anayesema alidanganya mara moja hana uzito mkubwa. Alitusindikiza mpaka getini.

Siku nane zikaisha. Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza, trakta zilipita. Mushitu ulikatwa pamoja na kichuguu. Nilikwenda kuona mara moja, bila kamera. Hakukuwa na kitu cha kufagia.

Mtaniuliza basi mfanye nini. Msifute picha, hilo ni la kwanza, na tayari diski mpya mmeinunua. Lakini sitaki mkae mkidhani diski itawaokoa. Nimepiga hesabu hii mara nyingi. Kama ningezihifadhi zile picha, huenda Mama angepata kiwanja, na mushitu ungekatwa vilevile, na mimi ningekuwa nimetundika ukutani picha nzuri ya uongo na kuendelea kula beignets. Nilikuwa na macho mazuri, nilifundishwa na mtu mwema, nilikwenda mara saba. Niliambiwa kwa mdomo, siku ya kwanza, pale ni wapi. Sioni ni mahali gani katika kazi hii ningesimama nisifanye nilichofanya. Kwa hiyo nimemaliza.

Jambo la mwisho, kwa sababu mlitaka kujua ile chapa yetu kubwa ilikwenda wapi.

Jumamosi iliyopita niliiviringisha, nikaifunga kwa gazeti, nikaipeleka Naviundu. Mama Solange anakaa pale sasa kwa mkwe wake, chumba kimoja, anauza nyanya na vitunguu mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi, nimeyaandaa kwa hasira yake, kwa machozi yake, hata kwa kunifukuza. Alinipa kiti, akaniuliza kwa nini nimekonda, akatuma niletewe maji. Nikaikunjua picha juu ya kitanda.

Aliishika ncha mbili akaiangalia kwa mbali, kisha karibu. Kumbukeni yeye hakuwahi kupanda juu ya kichuguu. Kule alikujua kwa jiko, kwa bache, kwa njia ya mlangoni, kwa mahindi yake, na hakuna hata kimoja cha hivyo ndani ya picha. Kuna ukungu, na miti, na mwanga.

"Eh, hii fasi iko muzuri. Ni wapi?"

Maneno yangu yote yalikuwa mdomoni. Nikasema, "Ni mbali, mama. Upande wa milima ya Kundelungu."

"Na kuko bantu?"

"Hapana, mama. Hakuna."

Aliendelea kuiangalia. Alipitisha kidole polepole juu ya nyasi, kutoka chini mpaka kwenye miti ya chanzo, kama anayepima pa kupandia.

"Basi ba kampuni bangetupatia kule," akasema.